Kipande cha Kurudia

Siku ya kwanza ya klabu, Loice Nakhisa aliwaacha watoto wamwamrishe. Alisimama katikati ya chumba cha kompyuta, mikono ubavuni, akawaambia yeye si mwalimu tena, ni mashine, na mashine haijui lolote ila inaloambiwa.

"Haya, nipelekeni mlangoni."

"Tembea!" wakapiga kelele.

Akatembea. Hakuna aliyekumbuka kumgeuza wala kumsimamisha, naye akaenda moja kwa moja hadi paji la uso likagonga kabati la vitabu, akaendelea kupiga hatua palepale, viatu vikisugua sakafu. Darasa likaangua kicheko. Katikati ya kicheko hicho msichana mmoja mwembamba, mwenye mtandio mweupe wa shule, aliinua mkono.

"S-s-s-s..." alisema. "S-s-s..."

Loice aliendelea kulisukuma kabati. Mashine haiwezi kukisia neno ambalo halijaisha. Msichana alifumba macho, shingo ikamkakamaa, na bado neno halikutoka.

"Simama!" akapaza sauti mvulana wa kiti cha nyuma. Loice akasimama, darasa likampigia mvulana makofi.

Mvulana huyo alikuwa Byron Owino, wa miaka kumi na mmoja, na msichana alikuwa Zahara Mahmoud, wa miaka kumi.

Shule ilikuwa Bugolobi, jijini Kampala, nyuma ya maghorofa, ya kulipia, yenye bustani iliyokatwa vizuri na mlinzi mwenye saluti. Loice alikuwa ametoka Bungoma miaka mitatu nyuma. Kazi hiyo alitafutiwa na baba yake Byron, Mkenya mwenzake waliyekuwa wakisali naye kanisa moja, na ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mwalimu mkuu, Bwana Erinayo, alitaka kompyuta na Kiswahili vifundishwe kwa pigo moja, kwa hiyo kila Alhamisi alasiri Loice alifundisha yote mawili. Watoto hawakuandika programu kwa herufi. Waliburuta vipande vya rangi kwenye skrini na kuvibandika kimoja chini ya kingine: cha buluu cha kutembea, cha zambarau cha kusema, cha manjano cha kurudia. Vikikutana vizuri vilinasana, na bendera iliyo juu ya skrini ikibonyezwa, kikaragosi kikafanya kama kilivyoagizwa.

Kompyuta zilikuwa kumi, watoto ishirini, kwa hiyo walikaa wawiliwawili. Byron alikuwa mwepesi kuliko wote, na Loice akamketisha na Zahara, akiamini aliye mwepesi atamvuta mwenzake. Hakumuuliza Zahara.

Wiki mbili za mwanzo Zahara alitazama tu. Byron ndiye aliyeshika kipanya, yeye akishika mikono yake mwenyewe. Lakini wakati wa mapumziko, wenzake wakiwa uwanjani, alianza kuja peke yake chumba cha kompyuta, akabisha hodi kwa kidole kimoja, na Loice akamfungulia. Hapo ndipo mwalimu alipoona kwamba mtoto huyu ameelewa kila kitu. Vidole vyake havikusita. Kilichosita ni kinywa tu.

Siku moja alimsogezea Loice kipande cha karatasi. Alikuwa ameandika: *Madam, sauti inaweza kukatwa?*

Loice akaunganisha kinasasauti, akamwonyesha. Sauti ilijichora kwenye skrini kama vilima. Pale Zahara alipokwama, zilionekana shanga ndogondogo zimejipanga, ji-ji-ji-ji, na mwisho wake kilima kizima cha neno. Ukichagua shanga ukazikata, kinabaki kilima.

Zahara alilitazama lile jambo kwa muda mrefu. Akabonyeza kusikiliza. "Jina," ilisema kompyuta, kwa sauti yake mwenyewe, safi, bila kukwaa popote. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara tisa. Loice aligeuka akajifanya anapanga vitabu.

Kutoka hapo hakukosa hata siku moja. Shule ilikuwa inaandaa siku ya wazazi, na kila mtoto wa klabu angeonyesha kazi yake ukumbini. Zahara alichora msichana mwenye mtandio mweupe, akamtengenezea midomo mitatu, wa kufumba, wa nusu na wa kufumbua. Kisha akaanza kukusanya maneno. Alirekodi neno mojamoja, akakata shanga, akaweka vilima kando. Neno "Luzira," kwao walikokuwa wakikaa, lilimchukua siku nne.

"Kwa nini usitumie Kiingereza kama wenzako?" Loice alimuuliza.

Zahara akaandika: *Bibi hajui Kiingereza.*

Bibi yake, Bi Zulaikha, alikuwa mama wa baba yake, mzee wa miaka themanini na ushei. Babu zake walifika Buganda na misafara ya watu wa pwani, wakaoa, wakazika wazazi, wakabaki. Lugha ya nyumba yao ilikuwa Kiswahili, na nyumba hiyo iliheshimu usemi. Baba, Mahmoud, aliuza vitambaa mchana na kuwasomesha watoto wa mtaa Kurani jioni. Watoto wa watu walisoma mbele yake kwa zamu. Binti yake mwenyewe, Mahmoud alikuwa ameacha kumwita asome. Hakumkasirikia wala hakumkemea. Alimruka tu, kama mtu anavyoruka kidimbwi, na siku zikaenda hivyo hadi ikawa desturi.

Sentensi za Zahara zilikuwa tano. *Assalamu alaikum, Bibi. Jina langu ni Zahara Mahmoud. Ninakaa Luzira. Kazi hii nimeifanya mwenyewe. Sauti hii ni yangu.*

Zile rekodi za kwanza, zenye shanga zote, hakuzifuta. Loice ndiye aliyewafundisha watoto: usifute kazi ya zamani mpaka mpya ikamilike. Zikabaki kwenye kompyuta, katika folda yenye jina lake, kando ya folda ya Byron.

Ilikuwa Alhamisi, siku tisa kabla ya sherehe. Loice aliporudi kutoka ofisini alikuta watoto kumi na zaidi wamerundikana nyuma ya kompyuta moja, wanasukumana, wanacheka hadi wanashika matumbo. Akapenya. Kwenye skrini alikuwako yule msichana wa mtandio, lakini macho yake yalikuwa yametengenezwa makengeza, na mate ya buluu yakimchuruzika kidevuni.

"Bonyeza, Madam," Byron alimwambia kwa furaha. "Bonyeza bendera."

Akabonyeza. "Ji-ji-ji-ji-ji," ilisema kompyuta. Midomo ilifumba na kufumbua sawasawa na kila mkwamo, na kichwa kikatikisika, na mtandio ukaruka juu kidogo kila mara kama kifuniko cha sufuria. "Ji-ji-ji-ji-ji." Ilikuwa imepatana vizuri ajabu. Kicheko kilimtoka Loice kabla hajakizuia, kifupi, cha puani.

"Haiishi, Madam!" alisema Byron. "Nimeweka kipande cha kurudia bila mwisho."

Loice aligeuka. Zahara alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado ina maji ya bombani. Alikuwa haitazami skrini. Alikuwa anamtazama mwalimu, kwenye mdomo, mahali kicheko kilipotokea.

"Futa hiyo," Loice alimwambia Byron, sauti ikiwa kali kupita kiasi. "Futa sasa hivi. Si vizuri."

"Ndiyo, Madam." Byron akabonyeza hapa na pale. Kengele ikalia. Loice hakuangalia kama kimefutwa. Hakumwita Zahara pembeni pia. Alijiambia kwamba kulizungumza jambo ni kulikuza, kwamba watoto husahau. Alhamisi iliyofuata Zahara alikuja kama kawaida, akamalizia salamu yake, akaihifadhi, akaenda zake, na Loice akashukuru Mungu kuwa yamepita.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi asubuhi. Viti vilipangwa ukumbini, skrini kubwa ikatundikwa ukutani, spika mbili za kanisa zikaazimwa. Mzee Owino, baba yake Byron, alikaa mstari wa mbele na Bwana Erinayo. Familia ya Zahara ilikaa mstari wa tatu: Mahmoud na kofia yake nyeupe, mkewe aitwaye Hindu, na kati yao Bi Zulaikha, aliyekuja amevaa nguo ya Idi. Loice alikuwa nyuma kabisa, kwenye nyaya za spika.

Watoto walipita mmojammoja. Samaki waliogelea, mpira ukaingia golini, roketi ikapaa. Zamu ya Zahara ikafika. Alipanda jukwaani, akafungua faili lenye jina lake, akageuka kuwatazama watu. Loice hakuwahi kumwona akitazama watu namna ile, kidevu juu. Akabonyeza bendera.

"Ji-ji-ji-ji-ji-ji."

Ukutani, kwa urefu wa mtu mzima, msichana wa makengeza alitikisa kichwa na mtandio ukaruka. Byron hakuwa amefuta. Alhamisi ile ya mwisho, Zahara alipokwisha kwenda zake, alikuwa ameihifadhi kazi yake juu ya kazi ya Zahara, kwa jina lilelile.

Mtu akacheka, na ukumbi mzima ukafuata, kwa kuwa watu walidhani ni kichekesho na walitaka kuonekana wamekielewa. Mzee Owino alipiga goti lake kwa kofi. Watoto wa klabu, waliojua, walicheka zaidi ya wote. Zahara alisimama, mkono juu ya kipanya, na mkono haukusogea. Alama nyekundu ya kusimamisha ilikuwa palepale juu ya skrini, mtoto wa wiki moja klabuni angeijua. Alikuwa kama amesahau kuwa ana vidole. Loice aliziruka nyaya, akaanza kupita kati ya viti, samahani, samahani, magoti ya watu yakimzuia, na muda wote huo spika za kanisa zikaendelea, ji-ji-ji-ji-ji.

Bi Zulaikha hakuwa anaona vizuri, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alimshika mwanawe mkono. Sauti ya wazee husikika mbali hata wanaponong'ona.

"Mahmoud, hiyo si sauti ya Zahara wetu? Mbona watu wanacheka?"

Loice akafika, akabonyeza alama nyekundu.

Kabla ya kikao cha ofisini, Mzee Owino alimwita Loice koridoni. Hakuwa anacheka tena.

"Dadangu, mimi nimeshamuuliza kijana. Ni utoto tu. Mwezi ujao anawakilisha shule kwenye mashindano, unajua hilo kuliko mimi. Huyu mwalimu wa Kurani akisikia jina la mtoto wangu, hapo itakuwa mambo ya dini, itakuwa mambo ya Wakenya. Wewe pia ni Mkenya." Akamwekea mkono begani. "Na kibali chako cha kazi nani alikufuatilia?"

Ndani, Mahmoud alikuwa amekaa wima, Zahara akiwa amesimama kando yake. Hindu alikuwa amebaki nje na Bi Zulaikha.

"Sina maneno mengi," alisema Mahmoud. "Nataka kujua ni nani aliyefanya vile."

Bwana Erinayo alifungua mikono. "Mzee, pole sana. Hii vitu ya kompyuta inaharibikanga. Rakini madam yuko hapa, yeye ndio anajua."

Wote wakamgeukia Loice.

"Zile sauti Zahara alizirekodi mwenyewe," alisema Loice. "Nilikuwepo. Na faili lililofunguliwa lilikuwa na jina lake."

Kila neno lilikuwa la kweli. Alilisikia likitoka mdomoni mwake laini, halikukwama popote.

Mahmoud alimtazama binti yake. "Ulijirekodi mwenyewe ukiwa hivyo? Ukaleta mbele ya bibi yako?"

Zahara alitikisa kichwa kukataa. Akafungua kinywa. Alimwangalia Loice, akamwelekezea kidole.

"M-m-m..." alisema. "M-m-m-m..."

Mahmoud alisubiri. Zahara alifumba macho, ngumi zimekazwa, jasho limemtoka juu ya mdomo. "M-m-m-m..." Mzee Owino akatazama saa yake. Nje wazazi walikuwa wakiagana. Bwana Erinayo akajikohoza.

"Mimi," alimsaidia, kwa upole kabisa. "Anataka kusema 'mimi'. Si ndiyo, mtoto? Haya, amekubari, ni yeye. Mzee, usimpige, ni mtoto."

Loice peke yake ndiye aliyejua neno lilikuwa "Mwalimu". Mwalimu aliona. Mwalimu alicheka. Alihesabu moyoni sekunde ambazo angeweza kusema, tatu, nne, tano, na zilipokwisha Mahmoud alikuwa amekwisha kusimama, amemshika mtoto mkono, anaomba radhi kwa usumbufu. Aliomba radhi, yeye.

Byron alikwenda kwenye mashindano. Loice ndiye aliyemwandaa, Alhamisi na Jumanne, na mvulana akashinda kwa mchezo wake wa kukwepa mawe. Picha yake ikatundikwa ofisini. Siku moja Loice alimuuliza, wakiwa wawili tu, kwa nini alifanya vile. Byron alifikiri kwa uaminifu.

"Ilikuwa inafanya kazi vizuri, Madam," alisema. "Hata wewe ulicheka."

Zahara hakurudi shuleni muhula uliofuata. Wiki ya kwanza Loice alijiambia labda anaumwa. Wiki ya tatu akapanda bodaboda hadi Luzira, akauliza duka la vitambaa la Mahmoud, akaonyeshwa.

Hindu ndiye aliyekuwa dukani. Alimkaribisha kwa adabu, akamwita Mwalimu, akamvutia kiti. Zahara, alisema, yuko nyumbani. Wamempeleka hospitali ya Mulago kwa mtaalamu wa usemi, mama mmoja mwema, na yule mama amesema kigugumizi si kosa wala ugonjwa, mtoto azungumzishwe tu bila haraka. "Lakini hazungumzi. Hata ule usemi wake aliokuwa nao ameuacha. Anaandika. Na sasa hata kuandika anapunguza."

Loice akamwambia yote. Alianzia kwenye karatasi ya kuuliza kama sauti inakatwa, akamaliza ofisini. Alilia, akajifuta, akaendelea. Hindu hakulia. Alikuwa anakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja upya.

"Basi njoo," alisema mwishowe. "Ukayaseme haya ndani."

Nyuma ya duka Bi Zulaikha alikuwa amekaa kwenye mkeka. Mahmoud alitoka chumba cha pili. Hindu akamwambia Loice aanze upya, toka mwanzo, na asiruke kitu. Kuyasema mara ya pili kulikuwa kugumu zaidi, maana sasa hakuweza kulia. Alipofika kwenye zile sentensi tano, Bi Zulaikha alimsimamisha.

"Zisome."

Loice alizikumbuka zote. Alizisema. *Assalamu alaikum, Bibi.* Hata *Sauti hii ni yangu* aliisema.

"Mimi nilidhani mtoto anajikebehi mbele za watu," alisema Bi Zulaikha. "Nimemnyima salamu. Tangu siku ile akiniinamia mkono nauondoa. Nilitaka ajifunze kujiheshimu." Akautazama mkono wake wa kulia juu ya goti. "Miezi miwili."

Mahmoud alikwenda mlangoni, akaita.

Zahara alikuja, akasimama. Alikuwa amekonda. Alipomwona Loice hakuonyesha mshtuko wala hasira, ila alirudi hatua moja nyuma, mgongo ukagusa ukuta.

"Mwalimu amekuja kusema kweli," Mahmoud alimwambia. "Tumejua. Si wewe. Utusamehe, mwanangu."

Loice alikuwa amebeba kompyuta yake ya mkononi. Akaifungua. "Zahara, nimeleta kinasasauti pia. Tunaweza kuirudia. Maneno yote. Nitakaa na wewe kila siku, hata hapa nyumbani, mpaka..."

Zahara alifungua kinywa.

"S-s-s..."

Hakuna aliyesogea. Bi Zulaikha alikuwa ameinua uso. Hindu aliziba mdomo wake kwa kitambaa alichokuwa nacho. Lilikuwa neno la kwanza kujaribu tangu siku ile, na wote wanne walilisubiri, nje watu wakapita, mteja akabisha dukani akaondoka. "S-s-s-s..." Uso ulimwiva, mshipa ukasimama shingoni. Loice alijua asimsaidie. Alishika kompyuta mapajani, akangoja, na moyoni akawa anamwombea lile neno litoke.

"Sitaki," alisema Zahara.

Kisha akapumua, akaanza tena, na lile la pili lilichukua muda mrefu zaidi ya la kwanza, nao wakalingoja pia.

"T-t-t... t... toka."

Loice akafunga kompyuta. Mahmoud hakumsindikiza, wala Hindu hakusema karibu tena. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni alimsikia Bi Zulaikha akimwita mjukuu wake, "Njoo hapa, njoo unipe mkono," na hakusikia hatua zozote zikimwendea.

Jumatatu alimpelekea Bwana Erinayo barua yenye ukweli wote, na jina la Byron ndani yake. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne.

"Nyabo," alisema, akimwita mama kwa Kiganda, "ile mambo iliisha. Mtoto mwenyewe alikubari."

Mwisho wa mwezi mkataba wa Loice haukuendelezwa. Klabu ikapewa mwalimu mwingine, kijana mchangamfu, na Byron akawa msaidizi wake, anawafundisha wadogo wa darasa la tatu namna ya kurekodi sauti.